Mgongo wa Mama Njambi

Boaz alikuwa na mikono iliyosomeshwa, na hakuna mtu aliyeitaka. Hiyo ndiyo taabu iliyomkuta pale Thika, mwaka ule wa hamsini na nane, na kama wewe hujawahi kukaa katika chumba kisafi ukimngoja mgonjwa asiyekuja, tafadhali usimcheke.

Alikuwa ametoka hospitali kubwa ya Nairobi alikofundishwa kazi ya kuchua: kulegeza misuli iliyokaza, kunyoosha viungo, kumrudishia mtu mguu ambao yeye mwenyewe ameshaukatia tamaa. Mama mmoja wa Kizungu, mkali, asiyecheka hata siku ya sikukuu, alimfundisha kupasha mikono moto kabla ya kumgusa mgonjwa, kwa sababu mkono wa baridi huushtua mwili, na mwili ulioshtuka haufunguki. Boaz alifaulu vizuri. Akapewa chumba nyuma ya zahanati ya kanisa, si mbali na stesheni ya Thika, na ndani yake kitanda kirefu chenye shuka jeupe na mto wa kulalia, chupa ya mafuta ya mbarika na birika la kuchemshia maji. Kila kitu alipewa isipokuwa watu.

"Leo umekanda nani?" Ndung'u, dresa wa zahanati, mfunga vidonda, humwuliza kila jioni akifunga milango.

"Mto."

"Hajambo?"

"Anaendelea vizuri. Kesho nitamruhusu aende nyumbani."

Wakacheka wote wawili, lakini Ndung'u alikuwa na mke na watoto wa kwenda kuchekea nyumbani. Wafanyakazi wa mananasi na wa katani walikuwa wakija zahanati wameshika viuno, ila walichotaka ni sindano. Sindano ndiyo dawa. Kukandwa ni kazi ya wakunga na wanawake waliotoka kujifungua. Mwanamume mzima alale kifudifudi apakwe mafuta na mwanamume mwenzake? Walichungulia mlangoni, wakaliona lile shuka jeupe, wakakumbuka kwamba wana haraka.

Jioni Boaz alirudi chumbani kwake Majengo kupika ugali wa mtu mmoja. Waliowahi kuupika wanajua kwamba ugali huo haupikiki, na wala haunogi. Kwao kulikuwa mbali, huko Kimilili, na pale Thika hakuwa na mtu wa kusema naye Kibukusu. Kuna wakati alijisalimia mwenyewe kwa lugha ya kwao, akajiitikia, kisha akaona aibu ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Alikuwa na mtu mmoja tu katika mji ule wote, naye ni Njambi.

Njambi alikuwa msichana wa Ruiru, fundi wa cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi karibu na soko. Alishona pazia za chumba cha kuchulia, akaja kuzitundika, akamkuta Boaz anamkanda mto kwa bidii zote. Hakucheka. Aliuinamia ule mto akauliza, "Unaumwa wapi, maskini?" Basi, mambo yalianzia hapo. Boaz alimpenda papo hapo, na alimpenda kwa njaa, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kusikia jina lake likitajwa vizuri. Jumamosi alimsindikiza stesheni akienda kwao. Walisimama mbalimbali kidogo, maana watu wana macho, na treni ilipoondoka Boaz alibaki pale mpaka msimamizi akamwuliza kama anangoja nyingine.

Habari hizo hazikuwa zimepelekwa rasmi kwa Mama Njambi. Yule mama, Wamboi, alikuwa mjane. Binti zake wakubwa walishaolewa, Njambi akabaki wa mwisho nyumbani, na mama alishatoa neno mapema: hatamtoa binti yake kwa mtu ambaye kwao kunafikiwa baada ya kulala kwenye treni. "Nikifa," alisema, "mtasikia habari yangu nyasi zikiwa zimeshaota."

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile ya Julai, baridi imeshika na umande haujakauka, Njambi alipoingia kwenye chumba cha kuchulia bila kupiga hodi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Boaz, kuna mgonjwa. Nataka uje umwone."

Boaz alisimama kwa haraka hata kiti kikaanguka. Mgonjwa! "Nani? Anaumwa wapi?"

"Mgongo. Alianguka na mzigo ya kuni. Mguu wa kulia haumsikii kabisa. Daktari wenu alipita Ruiru akamwona. Amesema mfupa haikuvunjika, ni misuli imekaza ikabana mshipa. Anataka kuchuliwa na mtu mwenye anajua, na wiki nyingi. Akikosa, atabaki kitandani hivyo hivyo."

"Basi nitakuja leo! Nitapanda treni ya mchana. Ni nani huyo?"

Njambi alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ni maitu," alisema. "Ni mama yangu."

Boaz aliinua kiti, akakaa. Ile furaha iliyompanda ilishuka yote.

"Siwezi, Njambi."

"Huwezi au hutaki?"

"Unajua mimi nimekutaka kwa nini. Sikukutaka ya kupitisha wakati. Kwetu mtu hamshiki mama mkwe. Hata mkono hampi. Akikutana naye njiani anaingia kwa kichaka mpaka mama apite. Sasa mimi nimshike mgongo? Kiuno? Paja? Nikishamshika hivyo amekuwa mama yangu. Na wewe utakuwa nani?"

"Hujanioa. Hata mbuzi mmoja hujaleta."

"Moyo ulishaoa zamani."

"Wacha maneno ya moyo, Boaz. Mtu ako kitandani."

"Kwani hujui ni kitu gani unaniomba?"

"Najua!" Sauti ya Njambi ilipanda, akaishusha kwa kuwa Ndung'u alikuwa ukuta wa pili. "Unafikiri ni nyinyi peke yenu mna heshima? Hata sisi tuko na thoni. Mkwe hawezi kumwona mama ya bibi yake hata akiwa anafunga kitambaa kichwani tu. Nimefundishwa hiyo nikiwa mdogo. Najua ukimshika imekwisha. Nimekuja nikijua."

Boaz alimtazama. Hilo ndilo lililomwuma zaidi ya mengine yote. Alikuwa amedhani Njambi amesahau, au amepuuza, na kumbe alipanda treni kutoka Ruiru huku amelibeba jambo lote kichwani.

"Kwa hivyo umeshachagua," alisema.

"Usiniambie nimechagua." Machozi yalimtoka Njambi bila sauti. "Asubuhi mimi ndiye namwinua kumpeleka nje. Unajua ananiambia nini? Ananiomba msamaha. Mama yangu mzazi, ananiomba msamaha kwa sababu ni mzito. Wanawake wa kijiji wamemvuta huo mguu mpaka akazirai. Nairobi ni nani atakuja Ruiru kumkanda mama mjane? Nimefikiria, nimefikiria mpaka nikachoka. Hakuna mtu mwingine. Ungekuwa ni mama yako, wewe ungefanya nini?"

"Labda umepata njia ya kuniacha tu," Boaz alisema. Alijua neno hilo ni baya hata kabla halijamaliza kutoka. "Mama yako hanitaki. Sasa nimponye, halafu nyote wawili mnipungie mkono."

Njambi alifuta uso wake kwa leso. Alimtazama Boaz kama anayetaka kuukumbuka uso huo baadaye.

"Wewe unasema uko peke yako hapa Thika," alisema mwishowe. "Ni kweli, nimeona. Lakini usifikiri upweke ni wako peke yako. Na mimi wangu nimekuja kuununua, na nimekuja na miguu yangu."

Akatoka. Siku hiyo Boaz hakukanda hata mto.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wako watakaosema mila ni mila. Wako watakaosema huyu alikuwa mtu wa kanisa, tena msomi, aachane na habari za vichaka na wakwe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa. Boaz hakuwa akimwogopa baba yake wala wazee wa kwao. Tatizo lilikuwa ndani yake mwenyewe, mahali ambapo cheti cha Nairobi hakikufika. Alijua kwamba kuna mambo ambayo mwili ukishayajua, hauwezi kuambiwa uyasahau.

Kesho yake alipanda treni ya Ruiru, chupa ya mafuta imefungwa kwenye taulo. Hakujiambia kwamba ameamua. Alijiambia tu kwamba anaenda kuona.

Nyumba ya Mama Njambi ilikuwa ng'ambo ya mto, karibu na mashamba ya kahawa. Njambi alimwona kwa mbali akaja mpaka kwenye ua. Hakutabasamu. Alisema polepole, "Nimemwambia wewe ni mtu wa zahanati. Basi." Halafu akaongeza, "Asante," akageuka upande.

Mama Wamboi alikuwa amelalia ubavu, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, uso umekonda. Alimtazama kijana kutoka miguuni mpaka kichwani, kwa utulivu wa mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe ndiye wa kukanda?"

"Ndiyo, mama."

"Uko mdogo."

"Mikono si midogo, mama."

Yule mama aliguna, nusu ya kicheko. "Haya. Mgongo yangu ilikataa kazi. Jaribu wewe."

Njambi akamfunua mgongo, akatoka nje. Boaz alijipaka mafuta mikononi, akaweka viganja chini ya mbavu za mgonjwa, na hapo hapo mikono ikakataa kazi. Misuli ya yule mama ilikaza kama inayojikinga. Alijaribu tena, pale pale, taratibu, kama alivyofundishwa. Mwili ukazidi kufunga. Jasho likamtoka. Alikuwa akikwepesha macho, akishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeiba, na mgongo ule ulikuwa umeshamjua kuwa ni mgeni aliyeona aibu.

"Unaniogopa?" mama aliuliza, uso ukutani.

"Nisamehe kidogo, mama."

Alitoka nje. Njambi alikuwa jikoni, sufuria ya maji ikichemka. Boaz aliomba maji ya moto kwenye karai, akaingiza mikono mpaka kwenye vifundo, akaiacha humo. Akafumba macho. Alimfikiria mama yake, Nelima, kule Kimilili, aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto mwenye homa, siku nzima mpaka misheni, na ambaye sasa alikuwa akiinuka kwa kujishika kiuno bila mtu wa kumkanda. "Mayi," alisema polepole, kama watoto wanavyoita mama kwao. Njambi alimsikia. Hakujua maana yake, lakini aliiona sura ya Boaz alipofumbua macho, akajua kwamba ameshapita upande wa pili na hatarudi.

Walitazamana juu ya mvuke wa maji. Kama kulikuwa na siku ya kuagana, ilikuwa hiyo, na hakuna aliyesema kwaheri.

Boaz aliingia ndani. Safari hii aliweka viganja vyote, vyenye joto, kwenye mgongo wa yule mama, bila kukwepesha macho. "Tuanze tena, mama," alisema, na neno hilo lilitoka tumboni. Misuli ilikaa kidogo ikisikiliza. Halafu ikaanza kulegea.

Alikwenda Ruiru mvua na jua. Alikanda mgongo, akanyoosha mguu, akamfundisha kugeuka bila kujiumiza. Mama Wamboi alikuwa msemaji akishapata nafuu kidogo. Alisimulia kahawa alizochuma, marehemu mumewe aliyependa uji mzito, majirani asiowapenda na kwa nini. Boaz alicheka, na yeye akasimulia ya kwao. Kwa mara ya kwanza tangu atoke Nairobi alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na kila alipofurahia mazungumzo hayo alikumbuka bei yake.

Maana Njambi hakukaa tena walipokuwa. Boaz akifika, yeye alichukua mtungi akaenda mtoni, au alikaa nyuma ya nyumba akishona kitu kisichokwisha. Maneno yao yakawa "maji yamechemka" na "asante" na "treni isikuache". Mara moja vidole vyao viligusana kwenye mpini wa karai, wote wakaachia, maji yakamwagika, na Njambi akaenda kuchota mengine. Jumamosi stesheni ya Thika, Boaz aliupisha umati akasimama kando, kwa mazoea, akasindikiza treni ambayo hakuwa na mtu ndani yake.

Kuelekea mwisho wa mwaka, kahawa zikiwa zimeiva, Mama Wamboi aliinuka kitandani bila kushikwa, akatembea mpaka mlangoni, akasimama juani. Njambi aliacha kila kitu alichoshika. "Ngai wakwa! Mungu wangu!" alisema, akaketi chini akalia kama mtoto. Boaz naye alisimama ndani, mgongo ukutani.

Siku hiyo kuku alichinjwa. Walipokwisha kula, Mama Wamboi alimwambia Njambi akae, asiende mtoni, mtungi umejaa.

"Mimi nataka kusema kitu," alianza. "Boaz, nilikujua siku ya kwanza."

Boaz aliweka kikombe chini.

"Habari ya Thika inafika Ruiru kabla ya treni. Niliambiwa zamani msichana yangu anatembea na mtu wa kukanda, mtu wa mbali. Ulipoingia hapo mlangoni nikasema, ndiye huyu. Na nikanyamaza. Nilijua nikikuwacha unishike, maneno yenu imekwisha, na mimi sitagombana na mtoto. Nilitaka iishe." Aliuvuta mguu wake wa kulia, akautazama kama unamshitaki. "Nilikuwa mgonjwa, lakini akili ilikuwa mzima. Nimefanya hiyo makusudi."

"Maitu!" Njambi alisema.

"Nyamaza, sijamaliza. Nimemwona huyu kijana sasa. Nimemwona akija na mvua imempiga. Mtu kama huyu hata kwao kungekuwa mwezini ningemfuata. Boaz, mimi ni mtu wa kanisa, lakini wazee wako. Kondoo inaweza kuchinjwa, tusafishwe, mambo irudi pahali yake. Halafu mhubiri atatuombea pia, tufanye yote mbili. Leta wazee wako. Mimi sikatai tena."

Hilo ndilo neno ambalo Boaz alikuwa ameliomba kwa Mungu tangu siku ya pazia. Lilikuwa limewekwa mezani, kati ya vikombe. Alimtazama Njambi, na Njambi alikuwa akimtazama yeye, midomo imefunguka kidogo, matumaini yote usoni. Aliumia kuyaona, kwa kuwa alijua ni yeye atakayeyazima.

"Mama," alisema. "Kondoo anaweza kusafisha mkono. Hiyo naamini. Lakini siku ile ya kwanza mikono ilikataa, mama. Unakumbuka? Ilikataa kwa sababu nilikuwa nakushika kama mkwe. Nikatoka nje nikakufanya mama yangu. Sikudanganya. Ningedanganya mgongo ungejua. Ile ndiyo imekuponya." Alisukuma kikombe kando. "Sasa nikija kuoa hapa, kila nikimwangalia Njambi nitakuona wewe, na nitamwona dada yangu. Nimejaribu kuirudisha. Nikiwa kwa treni, nikiwa kwa chumba yangu, nimejaribu. Nampenda. Nampenda sana, mama, mbele yake nasema. Lakini hairudi."

Njambi alifunika uso kwa leso. Hakumbishia. Alikuwa ameiona sura yake juu ya karai la maji, na tangu siku hiyo alijua, ila matumaini hayasikii ya mtu.

Mama Wamboi alilia kimyakimya, bila kupangusa. Nje kulikuwa na sauti za watu wakirudi kutoka mashambani, wakicheka mambo yao. Alipoweza, alishika meza, akainuka kwa nguvu zake mwenyewe, akamwendea Boaz. Akashika mikono yake miwili, akaigeuza viganja juu, akavitemea mate kidogo, kama mama wa Kikuyu anavyombariki mtoto wa tumbo lake.

"Isikose kazi," alisema. "Isikose mtu wa kuishika. Hapa ni kwenu. Ukiwa na njaa, hapa. Ukiwa mgonjwa, hapa. Ukipata bibi, utamleta nimwone." Akavuta pumzi. "Njambi, jioni inaingia. Msindikize ndugu yako."

Njambi hakuinuka mara moja. Halafu alifunga leso kichwani, polepole, akaikaza. Alichukua taulo na chupa ya mafuta, akaenda mpaka mlangoni, akaufungua, akasimama kando ili apite.

"Twende, kaka," alisema.

Boaz akaitika.